Shika Mizani, Sema Maji

Marehemu mume wangu alikuwa muuza dawa, na alikuwa mtu mwema. Nalitanguliza hilo kwa sababu nitakayoyasema yanaweza kumfanya mtu amchukie, na sipendi achukiwe na watu wasiomjua. Kama ni kuchukia, mimi niliyemfulia kanzu miaka ishirini na ushei ndiye mwenye haki ya kwanza, na hata mimi nilijaribu nikashindwa.

Tulikaa Ihembe ya Karagwe, wakati Wadachi wako Bukoba na huku kwetu wanapita tu. Mimi nilizaliwa Unyanyembe. Baba yangu alikuwa mtu wa Mrima aliyepanda bara na misafara ya nguo, akaona kurudi ni mbali. Mume wangu naye asili yake pwani, na dawa alifundishwa na mjomba wake. Nilipoolewa nikaletwa Karagwe, nikakuta nyumba ya udongo yenye baraza mbele, uani nyuma, na migomba imeizunguka pande zote hata nguo zikianikwa hazikauki upesi. Barazani tuliuza nguo, shanga, chumvi na sindano kama maduka mengine. Dawa zilikaa ndani: sanamaki ya tumbo, habasoda, mvuje, mrututu wa vidonda. Na katika kopo la bati lenye kufuli ilikaa kwinini, unga mweupe ambao mpwa wake aliutafuta Bukoba na kutuletea kila alipoweza.

Kwinini ndiyo iliyotujazia watu. Wanaume wa Karagwe walikuwa wakichukuliwa kubeba mizigo mpaka Bukoba. Wakikaa kule chini ziwani siku mbili tatu, wanarudi na homa ya kutetemeka ambayo wazee wa huku juu hawakuwa na dawa yake. Kwinini iliiondoa. Ila ni chungu, na watu wa huku hawakuwa na desturi ya kumeza kitu kichungu kwa maji matupu. Kwao dawa hukorogwa katika rubisi, pombe yao ya ndizi, mgonjwa akaivuta kwa mrija kutoka kwenye kibuyu. Hata mizizi yao wenyewe waliinywa hivyo. Haikuwa ulevi. Ilikuwa njia tu ya kuifikisha dawa tumboni, na mimi nililifahamu hilo kabla sijamaliza mwezi wa kwanza.

Mume wangu hakutaka hata kulisikia. Sababu yake ilikuwa kwamba yeye hakutoa dawa kavu. Aliipima kwenye mizani yake ndogo, akaimimina kwenye kikaratasi, akafumba macho akaisomea Fatiha, akaipulizia, ndipo akaikunja. Kitu alichokisomea maneno ya Mungu, mtu akakitie ndani ya pombe? Hapo alikuwa habembelezeki. "Lila na fila havitangamani," alisema, na akilisema hilo ujue mazungumzo yamekwisha.

Basi akaweka sharti. Kila anayetaka kwinini aweke mkono wake wa kulia juu ya kitanga cha mizani, aape atainywa na nini. Akisema maji, anapewa. Akisema maziwa, anapewa. Akisema rubisi, hapewi, hata alete ng'ombe na ndama wake. Aliamini kwamba mtu hawezi kuidanganya mizani, kwa kuwa hata siku ya kiyama tutapimwa kwa mizani.

Maskini, mizani ilidanganywa kutwa kucha. Tena mwalimu wa uwongo nilikuwa mimi. Wanawake hawakupenda kumkabili moja kwa moja, walipitia uani kwangu, wakakaa jikoni, wakaeleza mgonjwa wao anaendeleaje. Mimi nilikuwa nimekwisha jifunza Kinyambo chao, na nikawapa somo langu moja: "Bwana atakuuliza utainywa na nini. Shika mizani, sema maji." Wengine hawakuwa na neno jingine la Kiswahili ila hilo. Walilishika njiani kutoka jikoni mpaka dukani wakilirudia, maji, maji, maji, wasije wakalisahau.

Yuko mwanamume mmoja wa Nyakasimbi aliyekuja kuapa na kibuyu kinaning'inia begani, mrija umechomoza nje. Harufu ya rubisi ilifika mpaka kwenye nguo. Akaweka mkono, akasema maji. Mume wangu akapima, akasoma, akapuliza, akampa. Nilikimbilia jikoni nikacheka hata nikamwaga unga. Baadaye nikamuuliza mume wangu, mle ndani ya kibuyu alidhani mna nini. Akanijibu pole pole kabisa, "Sikumuuliza habari za kibuyu. Nilimuuliza habari za dawa."

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Kwetu ilikuwa fupi kweli, hatua kumi tu kutoka jikoni, na mtu akarudi kwao na uzima wake. Sikuona dhambi. Niliona nawasaidia watu, na pia, niseme kweli, nilijiona mjanja.

Sasa nije kwa yule mwanamke wa Rugu.

Alikuja asubuhi moja ya kiangazi, amejitwika kikapu cha buni, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Rugu si karibu. Alikuwa ametembea kutwa nzima, akalala kwa shangazi yake njiani, akaondoka tena alfajiri. Umri wake ulikuwa kama wangu. Nilimkaribisha jikoni nikampa buni zilizochemshwa za kutafuna, maana huku mgeni asipopewa buni huona umemfukuza. Akazitafuna taratibu, kisha akanieleza. Mume wake alirudi kutoka Bukoba, mwezi haujaisha. Siku moja anatetemeka hata kitanda kinalia, siku ya pili yu mzima anaulizia mbuzi wake, ya tatu anatetemeka tena. Sasa hata siku ya kupumzika haipo. Juzi alimwita yeye mkewe kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Walikuwa hawajajaliwa mtoto. Nyumbani walikuwa watatu tu, yeye, mume wake, na mama mkwe.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwinini ipo, na akiwahi kuipata atapona. Kisha nikampa somo langu.

Akaacha kutafuna. "Si mimi nitakayemnywesha," akasema. "Mume wangu hanyweshwi dawa ila na mama yake. Ndiyo desturi ya nyumba ile. Naye ataitia kwenye rubisi."

"Najua ataitia kwenye rubisi. Wote wanaitia kwenye rubisi. Wewe sema maji, uipate dawa, uende zako."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeokota kisu. Akanieleza, bila haraka, kwamba kwao kitu kikiapiwa halafu kiapo kikavunjwa, kiapo hakimrudii aliyeapa. Kinamrudia anayekila kile kitu. Akishika mizani akasema maji, na mkwewe akatia rubisi, dawa ile itamuua mume wake. "Afadhali nirudi mikono mitupu kuliko nimpelekee sumu," akasema.

Nilimbembeleza. Nilimwambia mizani ile ni shaba tu, imetoka dukani kwa Mhindi. Nilimtajia watu walioapa maji wakanywa rubisi, na wote wazima wanalima. Hapo nilikosea, maana aliniuliza, "Bwana wako anajua?" Nikasema hajui. Akaziweka chini buni zilizobaki, na nikaona amenishusha cheo.

Tukatoka kwenda dukani. Alipiga magoti kama desturi yao, akamsalimu, akaeleza shida yake nami nikiitafsiri. Mume wangu akalifungua kopo, akaweka mizani mezani, akauliza swali lake. Yule mwanamke akanyoosha mkono mpaka ukakaribia kitanga, lakini hakukigusa.

Akasema yote. Kwamba dawa itatolewa na mama mkwe, kwamba mama mkwe ataitia kwenye rubisi, kwamba yeye hawezi kuapa kwa mkono wa mtu mwingine. Nilikuwa mkalimani, na ningeweza kugeuza maneno, tayari nilikuwa nimefungua mdomo niyageuze. Lakini rubisi ni rubisi, neno hilo mume wangu alilijua vizuri kuliko mimi.

Akainua macho akamtazama kwa heshima, heshima ambayo sikumwona akimpa mteja yeyote. "Msema kweli mpenzi wa Mungu," akasema. "Mwambie kwamba wote waliosimama hapa, sijamwona mkweli kama yeye." Nikamwambia. "Na mwambie siwezi kumpa. Arudi akamsihi mama mkwe wake akubali maji au maziwa, kisha aje, nitampa bure."

"Rugu ni kutwa nzima," nikasema. "Kwenda na kurudi mgonjwa atakuwa ameoza."

"Mwambie."

Sikumwambia. Nilimgeukia mume wangu nikasema kwa Kiswahili, "Basi mpe isiyosomewa. Usiisomee. Akiitia kwenye pombe, ametia unga tu, hajatia maneno ya Mungu. Wewe umepoteza nini?" Niliona nimempata. Akafikiri, maana alikuwa mtu wa kufikiri. Akasema, "Nisiposoma ninauza nini? Isiyosomewa mimi siijui kama inaponya." Na aliamini hivyo, wallahi. Hakuwa akinichezea.

Adhana ya adhuhuri ilipoadhiniwa kwa jirani yetu, mfanyabiashara mwenzake, mume wangu akavaa kofia akaenda kusali. Yule mwanamke alikuwa amerudi kukaa uani, mgongo ukutani, kikapu mbele yake kama alivyokuja nacho. Mimi nikaingia dukani kufunga. Kopo la kwinini lilikuwa juu ya meza, wazi, na funguo zimewekwa kando yake. Miaka yote ile sikuwahi kuliona kopo lile wazi mwenyewe akiwa hayupo. Kijiko kilikuwa mle mle ndani.

Nitasema ilivyokuwa, kwa kuwa wa kunihukumu hapa duniani wamekwisha. Sikumwogopa mume wangu. Hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana. Nilisimama pale nikatazama ule unga, nikamtazama yule mwanamke kupitia mlangoni, na nilichokiona moyoni mwangu ni hasira. Nilimkasirikia yeye. Watu wote walikubali kusema neno moja, yeye nani? Nilimfundisha njia nyepesi akaikataa, tena akanitazama kwa macho yale. Nilitaka alegee. Nilitaka aje mwenyewe mlangoni aseme, mama, nimekubali, nitasema maji. Nikajiambia nikimpa hivi hivi, nitakuwa nimemkubalia kwamba yeye ndiye mwenye haki na sisi sote wahuni. Nikafunika meza kwa kitambaa, nikatoka.

Nilimpelekea ndizi za kuchoma. Alikula nusu, nyingine akaifunga kwenye jani. Alikaa mpaka alasiri. Mume wangu alikawia kurudi, na aliporudi akaingia dukani, akatoka, akanitazama mara moja, asiniulize kitu. Kisha yule mwanamke akainuka, akaniaga vizuri, bila chuki, akajitwika kikapu chake akashika njia. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, nilisema peke yangu jikoni. Nilisema kwa sauti, nakumbuka.

Habari zilikuja siku ya gulio, zililetwa na watu wa Rugu waliofuata chumvi. Yule mwanamume alikufa siku ya tatu baada ya mkewe kurudi. Mume wangu akasema innalillahi, akaketi. Siku ile hakupima dawa ya mtu. Jioni tukila, akasema, "Laiti angesema maji."

Hapo ndipo nilipopasuka. Nilimwambia yote: somo langu la jikoni, wale wote, wa Nyakasimbi na kibuyu chake, kwamba hakuna hata mmoja katika Karagwe nzima aliyekunywa kwinini yake kwa maji. Kwamba miaka yote ile alikuwa akitafuta mtu mmoja wa kukiamini kiapo chake, na alipompata akamrudisha kwao kuzika. Nilidhani ataanguka.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Wanatia rubisi. Mimi si kipofu, mke wangu, wala sina mafua. Lakini wakiapa uwongo, dhambi ni yao. Mimi nimetimiza wajibu wangu." Akanawa mikono. "Yule wa Rugu alinitwisha mimi."

Niliacha kuzungumza naye kwa siku nyingi. Chakula nilimwekea, kanzu nilifua, lakini neno sikumpa. Nilimwona mnafiki, nikajiona mimi bora, kwa kuwa angalau mimi nilidanganya kwa ajili ya wagonjwa. Jambo la kopo sikulifikiria. Mtu ana namna yake ya kupita kando ya jambo, kama vile unavyojua shimo liko wapi uani na mguu wako hauliingii hata gizani.

Masika yalipita, yakaja mengine. Homa ilikuwa imeenea, haikungoja tena wanaume waende Bukoba. Siku moja niko jikoni nikasikia dukani sauti ya mwanamke anayesalimu, nikaijua kabla sijaifikiria. Hakupitia kwangu. Nilipofika mlangoni nikamkuta amepiga magoti pale pale alipopiga siku ile, na kikapu kile kile. Mume wangu alikuwa amesimama, sijui kwa nini alisimama.

Akaeleza. Mama mkwe anatetemeka, leo siku ya tano. Mimi nilishangaa kwamba bado yuko kwa mama mkwe. Mume amekufa, mtoto hana, ndugu zake wako, nani angemlaumu akirudi kwao? Nikamuuliza. Akasema bibi kizee hana mtu.

Mume wangu hakuuliza chochote. Alifungua kopo haraka, akachota, akaanza kupima.

"Hujaniuliza," akasema yule mwanamke.

Nilitafsiri. Mume wangu akaendelea kupima kana kwamba hakusikia, akasema, "Mwambie haina haja. Achukue tu."

Nikamwambia. Akainuka, akaja mpaka mezani, akaweka kiganja chake cha mkono wa kulia juu ya kitanga kile kitupu, akakikandamiza. Mizani ikalala upande wake, unga ukamwagika mezani. "Niulize," akasema, na safari hii alilisema kwa Kiswahili.

Nilimtazama mume wangu. Sijawahi kumwona mtu mzima akitamani kukimbia kiasi kile. Mwisho akauliza, kwa sauti ya chini, "Utamnywesha na nini?"

"Sasa mnyweshaji ni mimi," akasema. "Na rubisi. Ndiyo anayoiweza."

Ilinichukua kitambo kulielewa hilo. Safari hii kibuyu kilikuwa mkononi mwake mwenyewe. Angeweza kusema maji na yakawa maji kweli, kiapo kikatimia, na kila mtu akabaki na heshima yake. Hakutaka kutuachia heshima yetu.

Akaondoa mkono. Mume wangu akakusanya unga kwa ukingo wa karatasi, akaupima upya, akafumba macho. Akasoma. Alisoma kwa muda mrefu kuliko kawaida, akapuliza, akakunja, akampa kwa mikono miwili. Buni hakuzipokea. Yule mwanamke akaziacha barazani vivyo hivyo, akaenda zake, na bibi kizee alipona, tulikuja kusikia, akaishi mpaka vita vikaja.

Tangu siku hiyo mizani ilipima dawa tu. Hakumwuliza tena mtu anakunywa na nini.

Lakini nilitaka kusema ya jioni ile. Nilikuwa nimefurahi, sitaficha. Niliona ameumbuka, na aliyemwumbua amefanya kazi niliyoshindwa. Nilimkuta dukani anaufuta ule unga uliobaki mezani, nikamwambia, "Umeona? Ungempa siku ile, mume wake angekuwa hai."

Hakukasirika. Akaendelea kufuta. "Siku ile," akasema, "mimi nilikula kiapo changu mwenyewe, sikuweza kukivunja. Wewe hukuwa umeapa. Nilikuachia kopo wazi, nikakaa kule kwa jirani mpaka wenzangu wote wa sala wameondoka." Akainua kichwa. "Niliporudi nikalikuta limefunikwa. Nilitaka kukuuliza tangu siku ile. Kwa nini hukumpa?"

Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo, na hakuniuliza tena. Wala mimi sikuwahi kumjibu.